Siku Kumi na Moja Kwenda Kurekodi Junju

Zamani hakuna aliyeuliza. Sasa albamu imetoka, wimbo wa tatu unasikika mpaka kwa vinyozi wa Malindi, na kila anayenikuta kwenye shamba langu la nyanya kule mtoni ana swali lile lile: Karisa, kutoka Jilore hadi Junju ni asubuhi moja tu, ninyi kwenda na kurudi siku kumi na moja, mlikuwa wapi? Nimejibu vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana, na jirani yangu Charo anaamini kabisa kwamba tulifungwa Malindi. Hatukufungwa. Naandika hapa mambo yalivyokuwa, msome nyote, kisha mniache nimwagilie nyanya.

Kwa asiyetujua, sisi ni bendi ya roki. Jina letu Visiki Vitatu. Visiki ni mimi ninayepiga dramu, ndugu yangu Kazungu mpiga gitaa, na mdogo wetu Sidi mwimbaji. Jina tulipewa na mama mmoja wa kijijini siku ya mazishi ya mama yetu. Alitukuta tumekaa barazani, akatikisa kichwa akasema, "Miti imekatwa, vimebaki visiki." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano na shule nilikwisha iacha, tangu baba alipotutoka. Kazungu alikuwa na kumi, Sidi saba. Omar wa Mambrui alipojiunga nasi na gitaa lake la besi, tulimwuliza kama tubadilishe jina tuwe Visiki Vinne. Akasema, "La, hapana haja. Mimi niiteni mchwa."

Watu hudhani bendi huzuka. Sisi tuna miaka tisa. Rekodi ya kwanza tuliifanya kwa simu ndani ya ghala la mahindi, nyimbo nne, na ukitega sikio vizuri utasikia kuku. Ya pili tuliifanya katika ukumbi wa kanisa, nyimbo sita, bila kuku. Ya kwanza ilisikilizwa Jilore, tena na waliolazimika. Ya pili ilivuka ikafika mjini, na wimbo mmoja ulipigwa redioni kwa muda kisha ukasahauliwa. Hii ya tatu ilikuwa ndiyo albamu yenyewe, nyimbo nane, na Sidi alikwisha sema wazi: ikienda kama zile mbili, yeye anarudi kwenye cherehani yake wala tusimwite tena.

Jilore: neno la Kazungu

Omar alikuja kutuchukua asubuhi na pikapu ya mjomba wake, ile inayobeba samaki wa Mambrui. Gari lilikuwa limeoshwa, lakini kuna harufu ambayo sabuni huifikia ikarudi. Sidi alikuwa ndani akijifunga kitambaa cha kichwa. Mimi na Kazungu tulikuwa tunafunga turubai juu ya dramu, na Kazungu alikuwa anafunga fundo moja kwa mara ya tatu.

"Kaka, kuna neno," akasema bila kunitazama.

"Sema."

"Bi. Zuhura alisikiliza ile rekodi ya pili." Huyu Bi. Zuhura ndiye mwenye studio kule Junju. Alikuwa ametupa siku tatu. "Amesema nyimbo ni nzuri. Sauti ya Sidi amesema ni nzuri mno. Lakini dramu amesema hazitulii. Zinakwenda, zinarudi."

"Dramu ni mimi."

"Ndiyo, ni wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kuna mpigaji yuko Mtwapa. Ukitulia, basi, yamekwisha. Usipotulia, Bi. Zuhura atamwita apige yeye."

Nilivuta kamba nikaikaza. Si kwamba sikuumia. Dramu hizo ngoma yake kubwa niliinunua kwa nyanya za misimu miwili. Lakini nilimtazama Kazungu nikaona ameikondea habari hiyo, sijui kwa siku ngapi.

"Sidi anajua?"

"Akijua hataimba na mgeni nyuma yake. Unamjua."

"Basi asijue. Nami nikishindwa, nitakaa kando mwenyewe, nitasema mkono unauma. Rekodi haitakwama kwa ajili yangu."

Kazungu akachukua simu yangu akaitia mashine ya kugonga, ile inayopiga ko, ko, ko bila kuchoka, ili nijifunze kwenda nayo njiani. Nikatia kidude chake sikioni. Hivyo ndivyo nilivyoondoka Jilore.

Mambrui: siku tatu bila mlio

Tulikwenda kwanza Mambrui, kwa sababu mjomba wa Omar alitaka samaki wake wapelekwe kabla gari halijawa letu. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaingia kijijini kabla ya adhuhuri, na tulipokata kona ya kwao Omar tukaona mabusati yametandikwa nje na wanaume wamekaa kimya. Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa amefariki alfajiri.

Mama yake Omar, Bi. Fatuma, akatoka akatupokea. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini.

"Karibuni wanangu, karibuni sana. Lakini vyombo vyenu msiviteremshe."

"Hatuteremshi, mama," nikasema. "Poleni sana."

"Tumeshapoa. Omar hataondoka mpaka khitma isomwe siku ya tatu. Yule mzee ndiye aliyemfundisha kusoma."

Basi tukakaa, samaki wa mjomba wakaenda sokoni kwa gari jingine. Hapakuwa na la kujadili. Kazungu na mimi tulisaidia kuchota maji na kupasua kuni, Sidi alikuwa na kina mama jikoni. Tulikula wali wa msibani tukiwa tumezunguka sinia, na jioni Bi. Fatuma alitukatia mkate wa sinia akasema tule kwa sababu wageni wakikonda kwake watu watasema. Pikapu ilisimama nje na turubai lake. Paka wa Mambrui wote walikuja kulala juu ya dramu zangu. Siku ya pili niliwahesabu tisa. Omar akasema, "Hao ndio mashabiki wa kweli, wamekuja hata onyesho halijaanza."

Kazungu alikuwa anahangaika. Siku tatu bila kushika gitaa kabla ya kurekodi! Lakini hata kulipapasa gitaa lisilo na umeme tuliona aibu, ukuta ulikuwa mmoja na wa mfiwa. Bi. Fatuma alipoona anavyozunguka ua, akamwambia, "Mlio ndio usiofaa. Midomo haijakatazwa kusema."

Tukaketi ukumbini, tukaanza kuzisema nyimbo zetu. Hatukuimba. Tulizisema tu maneno yake, kama watu wanaoongea. Wimbo uitwao "Mto Umefurika" ni wa Sidi. Alimtungia mama. Una beti tano. Sidi aliusema wote taratibu, na Bi. Fatuma alikuwa mlangoni anachagua mchele. Alipomaliza, Bi. Fatuma akauliza:

"Samahani mwanangu. Huyo mama wa wimbo mbona amekufa mara mbili?"

Sidi akahesabu beti kwa vidole.

"Ubeti wa tatu amekufa," akasema. "Tumelia. Ubeti wa nne amekufa tena."

Omar akainamisha kichwa mabega yakimtikisika kwa kicheko. Sidi naye alifikiri, kisha akasema, "Ni kweli. Nilikuwa nataka watu wasikie vizuri."

"Walisikia mara ya kwanza."

Miaka minne tulikuwa tunaupiga wimbo huo na beti zake tano, kwa kelele zetu zote, na hakuna aliyeliona jambo hilo. Ubeti wa nne ukatoka. Katika siku tatu hizo tulikata maneno katika nyimbo nne, na wimbo mmoja tuliutupa mzima, zikabaki saba, kwa sababu uliposemwa bila gitaa ulikuwa hauna kitu ndani.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu ya siri. Kila baada ya chakula nilikwenda nyuma ya nyumba na ule mlio wa ko, ko, ko sikioni, nikapiga goti langu kwa viganja. Omar aliniona, naye ilibidi aambiwe. Akachukua kidude kimoja cha sikio akasikiliza nami wimbo mzima.

"Hukosei," akasema. "Hata mara moja. Huyo Bi. Zuhura alisikiliza bendi gani?"

Nilifarijika, nikajidanganya kwamba nimepona.

Malindi: mavazi yenu yako wapi

Baada ya khitma tukashuka Malindi, mahali tulipoahidiwa kupiga alasiri moja kwenye mkahawa wa watalii. Meneja alikuja kutupokea akitabasamu, akachungulia kwenye pikapu, tabasamu likapungua.

"Mavazi yenu yako wapi?"

"Ndiyo haya," Kazungu akasema.

"Hapana, yale ya kuchezea. Hando. Manyoya. Mlisema mnatoka Jilore."

Tukaelewa. Alisikia Wagiriama kutoka Jilore akajua ni kikundi cha kuwachezea wageni. Bango lilikwisha andikwa nje kwa Kiitaliano, na picha ya mwanamke aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya bibi zetu.

Sidi akamwambia kwa upole, "Baba, hando alivaa bibi yangu. Mimi nina suruali. Tukupigie au turudi?"

Meneja alitazama saa, akatazama bango. "Pigeni. Lakini msipige sana."

Sisi hatujui kupiga si sana. Wimbo wa pili wazee wawili wa Kiitaliano walihamisha sahani zao mpaka kwenye bustani. Wa tatu, akahama mwanamke mmoja na mbwa wake. Lakini mlango wa jikoni ulifunguliwa, wakatoka wapishi, wakatoka waosha vyombo, mtunza bustani akaacha mpira wa maji ukimwagika. Mpishi mkuu, Mama Riziki, mwanamke mnene mwenye aproni ya mistari, alikuja mpaka mbele akacheza. Wimbo ulipokwisha wao ndio waliopiga makofi.

Baadaye walitulisha nyuma. Ilikuwa tambi na kamba. Omar akauliza mchuzi una nini, Mama Riziki akamjibu, "Wa kwako una nazi. Ule mwingine una mvinyo, ni wa hao waliohama." Kisha akaanza kutusema kama kwamba alitulea.

"Ule wimbo wa kwanza, mnazunguka nyumba mpaka mtu anachoka. Ingieni! Mlango upo." Alimaanisha kiitikio kinachelewa, na Kazungu aliandika. "Na wewe wa nyuma."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Mimi nacheza, mguu mmoja nimeuinua, nangoja ngoma ishuke niukanyage chini, nayo haishuki! Nikabaki na mguu juu kama korongo."

Waosha vyombo walicheka. Sidi akacheka nao. "Mama, huyo ndiye kaka yangu. Mguu wewe uteremshe tu, usimngoje."

Nilicheka pia. Lakini sahani niliisukuma kando. Ilikuwa mtu wa pili sasa, tena asiyejua neno lolote la Bi. Zuhura, naye alilihisi kwa mguu. Kazungu alinitazama juu ya sahani yake, kisha akatazama kwingine.

Njia ya Kilifi: tulivyokula chakula cha watu

Tulipopita Matsangoni pikapu ikaanza kutoa moshi, ikasimama mbele ya mahema mawili meupe kando ya barabara. Kabla hatujafungua boneti, kina mama kama thelathini walitujia na vigelegele. Walituletea viti. Walitunawisha mikono. Tukawekewa wali wa nazi, kuku wa kienyeji na maji ya madafu, nasi tangu asubuhi tulikuwa na mahamri mawili kwa watu wanne. Tulikula, tukashukuru, tukasema watu wa huku wana ukarimu wa ajabu.

Nilipokuwa kwenye paja la pili, mama mmoja aliinama akaniuliza kwa heshima, "Mchungaji, mahubiri yataanza kabla ya nyimbo au baada?"

Kazungu aliacha kutafuna. Walikuwa wanangoja wahubiri kutoka Mombasa, na gari lenye spika.

Nilisimama nikaomba radhi. Nikasema sisi ni wapigaji tu, gari limetuharibikia, na kuku tumekwisha mla. Kisha yule mama akacheka mpaka akashika meza. "Basi mtamlipa kuku kwa kazi. Vyombo si mnavyo?"

Tukafunga vyombo chini ya hema. Sidi aliimba nyimbo za kanisani anazozijua tangu utotoni, kina mama wote wakaimba pamoja naye, na Omar alikuwa nyuma na besi lake amefumba macho. Nilimwuliza baadaye kama ilimpa taabu. Akasema, "Mungu ni mmoja, kuku nimemla, nitakataaje?" Wahubiri wenyewe walifika wakakuta mkutano umechemka, wakadhani tumetumwa na kanisa jingine kuwatangulia. Hatukuwasahihisha.

Fundi wa gari alipatikana siku ya pili, kipuri siku ya pili hiyo hiyo jioni. Tulilala kwa wale kina mama siku mbili. Asubuhi tunafungasha, Kazungu alinisogelea.

"Ulijiona juzi? Hukuyumba hata kidogo."

"Kweli?"

"Kama ukuta."

Nilifurahi sana. Sikujiuliza kwa nini mtu atulie chini ya hema na watu thelathini wakiimba, ayumbe mkahawani. Tulivuka daraja la Kilifi nikiwa na matumaini, tukala viazi karai na ukwaju hapo mjini, tukalala kwa binamu yake Omar, asubuhi tukashika njia ya Junju.

Junju: siku ya kwanza

Junju nyumba mpya zinaota kila mahali kati ya mikorosho na mashamba ya muhogo. Studio ya Bi. Zuhura ilikuwa nyumba ya kawaida ya mawe, chumba kimoja kimetundikwa magodoro kutani toka chini hadi darini. Yeye ni mtu mzima, mwembamba, ametumia maisha yake akinasa sauti za taarabu na kwaya. Aliitikia salamu zetu, akatuonyesha pa kuweka viatu, akaniita mimi kwanza.

"Ndiwe mpiga dramu? Kaa. Piga peke yako, uifuate mashine."

Nikapiga. Dakika nne. Akainua macho.

"Umetulia vizuri sana," akasema, na alisema kama mtu aliyepoteza kitu. "Piga tena." Nikapiga tena. "Sasa njooni nyote."

Tukapiga "Mto Umefurika" sote wanne. Alipotuita tusikilize, alitupigia tu rekodi. Mahali fulani nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe: ngoma inazubaa, kidogo tu, kisha inakimbia kufidia. Mguu wa Mama Riziki. Mara moja, mara mbili, mara sita. Kazungu aliangalia sakafu.

Bi. Zuhura alirudisha nyuma, akasikiliza peke yake na vile vyombo vya masikio, akarudisha tena. Mwisho akamgeukia Sidi.

"Mwanangu, una pumu?"

Sidi alishtuka. "Nilikuwa nayo, mama. Utotoni."

"Na nani alikuwa akikuangalia?"

Walinitazama tu.

"Hapigi vibaya," Bi. Zuhura akasema. "Kila unapotaka kuvuta pumzi, anasimama akungojee uivute. Akiona umevuta, anakwenda."

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Lakini aliposema hivyo nililiona lote, hata kwa nini nilitulia kule hemani: kina mama thelathini waliifunika pumzi yake. Sidi alipokuwa mdogo tulikwenda shule kwa miguu, mimi nikimsindikiza kabla ya kwenda shambani, na kifua kikimbana alikuwa anaona haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo nilisimama mimi. Nilijifanya nimechomwa na mwiba, nikainua mguu nikautafuta mwiba usiokuwapo mpaka nisikie pumzi yake imerudi. Halafu tukaendelea, wala hatukulisema. Na kwetu mpiga ngoma humtazama mwimbaji, ndiyo adabu ya ngoma, mwimbaji ndiye anayeongoza. Nilitia la njiani katika la ngoma, nikadhani napiga muziki.

"Kwenye taarabu wangekusifu," Bi. Zuhura aliniambia. "Huku kwenu wewe ndiwe ardhi. Ardhi ikimngoja mtu, wote wanaanguka." Kisha akasema lile ambalo hakujua ni siri. "Yule bwana wa Mtwapa nimemwambia aje kesho, tuone."

Sidi akageuka. "Bwana gani?"

Kazungu alimweleza, kwa maneno machache ya kubabaika. Sidi alivua vyombo vya masikio akaviweka juu ya kiti taratibu sana, akatoka nje.

Nilimkuta chini ya mikorosho, anavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

"Mliniona mtoto," akasema.

"Tuliogopa hutaimba."

"Kweli nisingeimba. Lakini si hilo." Akatupa vipande. "Kaka, tangu lini sijaumwa?"

"Tangu darasa la sita."

"Ni miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Miaka kumi na miwili, na wewe bado unatafuta mwiba."

Nikamtazama. "Ulikuwa unajua?"

"Kaka, ulikuwa umevaa viatu."

Nilikaa chini. Naye hakukaa, lakini hakuondoka.

"Si mimi ninayengoja," nikasema. "Ni mkono. Hauniulizi."

"Basi uambie. Kesho usinitazame, usinisikilize, uende. Nikibaki nyuma nimebaki."

"Ukibaki nyuma wimbo umeharibika."

"Umeharibika wimbo wangu."

Junju: siku ya pili

Bwana wa Mtwapa alifika mapema. Jina lake Mwero, mtu mpole wa makamo, ana vijiti vyake ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilitamani awe mjeuri, hakuwa. Alinipa mkono akaniambia, "Mimi sina haraka, ndugu yangu. Nitakunywa chai hapa sebuleni," na akanywa kweli.

Niliomba kigoda changu kigeuzwe nitazame godoro la ukutani. Mara ya kwanza nilimsikia Sidi akivuta pumzi, mkono ukasita. Bi. Zuhura akasimamisha. Mara ya pili nilisita kabla hata hajavuta, kwa kuwa nilijua atavuta. Akasimamisha. Kupitia mlangoni nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Mara moja tena," Bi. Zuhura akasema. "Kisha tutampisha Bwana Mwero. Si kwa ubaya."

"Si kwa ubaya," nikasema. Nami nilikuwa tayari. Nilikwisha amua nitakavyosimama na kumwachia kigoda bila kufanya uso wowote.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Wa tatu ndio ule ambao mama anakufa, mara moja tu sasa. Sidi alifika katikati ya mstari, neno likamponyoka. Nilisikia kifua chake kikikatika, sauti ile ile ya njia ya shule, na mwili wangu wote ukataka kusimama. Magoti yalitaka, mabega yalitaka. Niliuma meno nikapiga. Nikampita. Mstari mzima ulikwenda bila yeye, gitaa na besi na dramu tu, na mimi nalia mbele ya godoro kwa sababu nimemwacha mtoto njiani.

Halafu akaja. Hakuanzia alipoanguka. Aliruka akatukuta mwanzo wa mstari uliofuata, na sauti aliyokuja nayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, kubwa, yenye ghadhabu, haimwombi mtu nafasi. Aliimba hivyo mpaka mwisho. Tulipomaliza, matoazi yalitetemeka mpaka yakanyamaza yenyewe.

"Hukunisubiri," akasema nyuma yangu.

"Sikukusubiri."

Bi. Zuhura akatupigia. Sidi alisikiliza ameziba mdomo kwa mikono miwili. Pale penye pengo, ule mstari usio na sauti, alifumba macho. Sauti iliporudi, Omar alisema "Subhanallah" polepole, na Kazungu akaenda kusimama dirishani.

"Unaweza kurudia ule mstari tuuzibe," Bi. Zuhura akamwambia. "Ni kazi ya dakika mbili."

"Msiuzibe," Sidi akasema. "Uacheni hivyo hivyo."

Huo ndio wimbo wa tatu mnaousikia kwa vinyozi. Pengo lile watu huniambia tulilipanga kwa ustadi.

Bwana Mwero alichungulia mlangoni na mfuko wake begani. "Basi mimi narudi zangu," akasema. "Chai ilikuwa nzuri." Akanipungia mkono kwa vijiti vyake.

Zilibaki nyimbo sita, na siku moja na nusu. Niligeuza kigoda changu tena, maana sasa niliweza kumtazama. Sidi alisogeza maiki mahali pake, akanywa maji, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Uko tayari?" nikamwuliza.

"Usiniulize, Kaka," akasema. "Hesabu uende. Nitakukuta."

Nikagonga vijiti mara nne, nikaenda.